Mkanda wa Dume Jeusi

Baba alinunua pikapu msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kushindana na ushirika. Ilikuwa ya mtumba, na kitu cha kwanza alichokipenda ndani yake hakikuwa injini. Ulikuwa mkanda wa kiti cha abiria. Aliuvuta, akauvuta tena huku ameweka mguu mlangoni, kisha akauliza kwa nini kitu kigumu namna hii kipotezwe kwa mtu aliyekaa tu. Tulikuwa na dume jeusi la plau lililokata kila kamba ya katani. Jioni hiyohiyo mkanda ulikuwa shingoni mwake, na kwa kweli dume likatulia.

Mkanda wa dereva ulisalimika kwa sababu mama alisimama kati ya kisu na kiti. Nilikuwa binti wa miaka kumi na minane, nina leseni ya kujifunzia, na najiona nimezaliwa na usukani mkononi.

"Huyu akiendesha atafungwa mkanda," mama alisema. "Namjua."

Kila nilipojifunga, baba alicheka. "Ng'wanone, mwanangu, sasa nina wawili wa kufunga." Kwake mzigo hufungwa, ng'ombe hufungwa, mtu hujishika. Aibu ilinipata hasa, nikawa sijifungi mpaka tupite nyumba ya mwisho ya Bariadi, wenzangu wasinione.

Siku moja tulikuwa tunakwenda Lagangabilili kuchukua mbegu. Nikawaona wasichana wa shuleni kwetu kando ya barabara, nikakanyaga mafuta ili vumbi liwaambie ni nani anapita. Mbele kidogo ng'ombe wakatokea kwenye ua wa minyaa. Nilipofunga breki gari likateleza, likaingia mtaroni. Mkanda ulinidaka begani. Baba, bingwa wa kujishika, alikifuata kioo kwa paji la uso.

Sijawahi kuogopa vile. Zahanatini nilisimama nikilia huku nesi akimshona, nikijua ni maringo yangu yaliyomfikisha pale. Jicho moja la baba lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Akanyoosha mkono, akapapasa bega langu mpaka akagusa palipouma.

"Ulikuwa umefunga?"

"Ndiyo, baba."

Nesi akakata uzi, baba akanigeukia. "Nilikuwa nakuona unavyongoja nyumba ya mwisho," akasema. "Aibu hiyo nilikufundisha mimi."

Baba alipoupeleka mkanda wa dume kwa fundi, fundi alikataa kuurudisha kitini, maana ulikuwa umelika na unanuka zizi. Akatafuta mwingine kwenye gari bovu. Siku ulipofungwa, baba alipanda upande wake, na majirani walikuwa wamejaa uani kuangalia kovu. Akajifunga mbele yao wote, akaniambia niuvute nione kama umeshika.

Niliuvuta kwa mikono miwili.