Alipojiuzulu Waziri Mkuu

Juzi sokoni Nyahanga nilinusa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, nikakumbuka meza ambayo mama aliuzia michembe nilipokuwa mtoto. Alasiri moja redio ya jirani ilitangaza kwamba Waziri Mkuu amejiuzulu. Nyumbani tuliongea Kisukuma, kwa hiyo mimi nilisikia amejiuza. Nikawaza, mtu mkubwa vile hawezi kuwa rahisi.

“Mama, kajiuza bei gani?”

Soko zima lilicheka. Mnunuzi wa jumla, ambaye ndiye tuliyemtegemea kwa pesa ya unga wa jioni, akadakia: “Bei ya kutupa, mwanangu!”

Mama hakucheka. Waziri Mkuu yule aliwahi kupita Ushirombo, akasimamisha msafara na kumwamkia bibi yangu shikamoo. Mama akafunga gunia la michembe. “Siuzi.”

“Mama Kulwa, natania! Basi naongeza bei.”

“Hata ukiongeza. Mtu kaacha kazi mwenyewe, wewe unamcheka?”

Leo na mimi ni mfanyabiashara, najua ile ilikuwa hasara tupu. Lakini njiani, mama akiwa na gunia kichwani, niliwaza jambo zito zaidi.

“Mama, sasa atakula nini?”

Mama alicheka mpaka gunia likayumba. “Akija, michembe ipo.”