Siku Baba Mdogo Alipoegesha Basi

Baba mdogo ni fundi makochi, na maishani mwake hajawahi kuendesha gari. Lakini nyumba yake imepakana na ukuta wa uwanja mkubwa wa mpira, kwa hiyo siku ya mechi au tamasha hujipa cheo cha mkuu wa maegesho. Huvaa koti la mvua la njano, jua liwe kali namna gani, akasimama langoni kwake na kuita magari kwa mikono miwili. Ua wa magari kumi yeye huutia kumi na tisa. Kuyaingiza anajua, kuyatoa humwachia Mungu.

Miaka ishirini na saba mama mdogo amekuwa akimwomba waingie uwanjani pamoja, japo mara moja. Jibu ni lile lile: ya nini kuingia, na muziki unasikika jikoni? Mwaka huu akaja mwimbaji waliyempenda tangu enzi za uchumba wao. Mama mdogo alinunua tiketi mbili mwenyewe, akamwambia mumewe mbele yangu kwamba asipoingia naye safari hii, hatamwomba tena. Hakupandisha hata sauti. Baba mdogo akaapa kwamba siku hiyo langoni hatakanyaga.

Saa nane mchana alikuwa langoni, koti mwilini. Alisema anachungulia tu. Kufika saa kumi alishachungulia magari kumi na manane, na manne yameziba mlango wa jikoni.

Ndipo likaja basi la mashabiki. Mwenye akili angesema pamejaa. Abiria walishuka wakaenda zao, basi likaanza kurudi nyuma sambamba na ukuta wa nyumba.

"Njoo, njoo, njoo," baba mdogo akaita. Lilipokaribia mlango wa mbele akapaza sauti: "Basi! Basi!"

Dereva akakanyaga mafuta. Basi likapita mlango, likaziba na dirisha la sebuleni, likasimama lilipogonga tangi la maji.

"Mzee, si umeniita?" dereva aliuliza kwa upole. "Umesema njoo basi, nikaja."

Kusogea mbele haikuwezekana. Gari jingine lilishajipenyeza hapo, na mwenyewe kaingia uwanjani na ufunguo wake. Ndani ya nyumba tulikuwa mimi na mama mdogo, gauni jipya, marashi, tiketi mkononi. Alipofungua mlango akakutana na ubavu wa basi. Nakiri nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Aliliangalia kama mgeni aliyekuja na godoro lake.

Akavua viatu, akapanda juu ya kochi lililo chini ya dirisha la sebuleni, akamwamuru dereva afungue dirisha la basi. Mimi nikasukuma kwa chini. Akaangukia kiti cha abiria, akavaa viatu, akashuka kwa mlango wa basi, mkoba begani.

Baba mdogo akaanza maneno: magari ya watu ni dhamana, yeye atangulie, atamfuata baadaye. Mama mdogo akaanza kuzirudisha tiketi mkobani. Hapo kicheko kikaniisha, nikamkasirikia baba mdogo kwelikweli.

"Mwizi gani atatoa gari hapa," mama mdogo alimwuliza, "na mimi mwenye nyumba nimetokea dirishani?"

Baba mdogo aliutazama ua wake. Alivua koti, akamkabidhi dereva, akamsogelea mkewe.

"Mimi sijawahi kuingia mle," alisema kwa sauti ya chini. "Hata sijui watu wanakaaje."

"Wanakaa kwenye viti, mume wangu. Twende."

Yaliyofuata alinisimulia mama mdogo. Walikuta mwimbaji ameshaanza. Baba mdogo hakukaa. Alisimama akilitazama jukwaa, kisha paa la nyumba yao lililochungulia nyuma ya jukwaa, kisha jukwaa tena.

"Kumbe waimbaji wanaangalia huku," alisema. "Miaka yote hii nilidhani wanatuimbia sisi."

Mama mdogo akamshika mkono, akamkalisha, na hakuuachia mpaka wimbo wa mwisho.