Kompyuta ya Baba Haizimwi

Baba alipokwenda hospitali aliiacha kompyuta yake ya mezani ikiwaka, na alipofariki mama akakataza mtu kuizima. Tulimzika kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, karibu na dirisha la chumba chake. Ukungu uliposhuka mchana na kutia giza migombani, mwanga wa skrini ulifika mpaka kaburini.

Mimi naishi mjini, mtaa wa Soweto, na sina subira na mambo ya hivyo. Kwetu moto wa matanga haumwagiwi maji. Huachwa mpaka magogo yaishe yenyewe. Mama akauhamishia mwiko huo kwenye kompyuta. Nikamwambia gogo huisha, lakini hili dude la zamani unalinunulia umeme wewe mwenyewe, nalo linakula kuliko friji. Akasema likilala halili. Lakini halikulala. Skrini ilizimika, kisha ikawaka bila kuguswa, na mama akaitika "ee" kutoka jikoni.

Jumamosi moja nilipanda mlimani kumwona, nikakuta friji imechomolewa. Mama ana sukari, na chupa zake za insulini zilikuwa vuguvugu.

"Umeme hautoshi vyote viwili," alisema.

Nilipandwa na hasira, nikaenda moja kwa moja chumbani kwa baba. Feni ya kompyuta ilikuwa ikivuta pumzi kama mzee aliyesinzia. Nikaingia kwa akaunti yangu ya zamani, nikabonyeza pa kuzimia. Mashine ikajibu kwa Kiingereza kwamba kuna mtu mwingine bado anaitumia, na nikiizima anaweza kupoteza kazi ambayo hajahifadhi.

Najua maana yake. Baba hakutoka kwenye akaunti yake, basi. Hata hivyo kidole kikakataa kushuka.

"Inasemaje?" Mama alikuwa mlangoni.

Nikamsomea kwa Kiswahili.

"Si nilikuambia yumo?"

"Mama, hii ni mashine."

"Na mashine ndiyo imesema."

Niliogopa, wala sikuwa namwogopa baba. Niliogopa jinsi mama alivyosema vile bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyeshafunga mizigo yake.

"Dawa imeharibika," nikamwambia. "Ukiendelea hivi tutakuzika pembeni yake. Mimi nitabaki na nani?"

Alitazama kaburi nje ya dirisha. Kisha akakaa kwenye kiti cha baba, akaweka kiganja juu ya boksi la kompyuta.

"Mzee wangu," alisema taratibu, "huyu mtoto bado ananihitaji."

Akaniitikia kwa kichwa. Nikabonyeza. Feni ikapunguza mwendo, ikasita, ikanyamaza, na chumba kikawa kimya mno.

Nikaenda kuchomeka friji. Niliporudi, mkono wake ulikuwa palepale.

"Bado ana joto," akasema.

Hakuuondoa mpaka boksi likapoa kabisa. Siku aliyofariki, tulipofika hospitali baba alikuwa ameshapelekwa mochwari, ameshapoa.