Miguu ya Bi Kazija

Mchana wa Jumapili ulikuwa wa Bi Kazija, na hakuupata kwa kuombaomba. Aliutwaa. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa akishuka mkahawani, mtaa wa Dengfeng, wenzake wakiwa bado wamelala. Anapika biriani ya kutosha ukoo mzima, anaifunika, ananawa mikono, kisha anamwambia Nassor, mwenye mkahawa, "Kilichobaki ni kupakua. Kupakua hakutaki mtu aliyezaliwa Unguja." Baada ya hapo anavaa raba zake, anajitanda mtandio wake vizuri, anatoka. Harudi mpaka jua linakuchwa.

Nassor alikuwa mdogo wa marehemu mumewe. Ndiye aliyemleta Guangzhou baada ya eda kwisha, akampa chumba juu ya mkahawa na jiko la kusimamia. Tangu hapo wafanyabiashara wa Dar na Unguja wakaacha kunung'unika kwamba Uchina hakuna chakula cha kuliwa na mtu. Wema huo Bi Kazija hakuusahau, na kila sala alimwombea shemegi yake dua. Lakini wema nao una mipaka. Mtu akikupa chumba, hajakununua na miguu.

Miaka ya mwanzo hakujua kama mji huu una kitu cha bure. Angejulia wapi? Watu wake wote waliujua mji kwa bei. Kwao Guangzhou ni Shahe kwa nguo, Zhongda kwa vitambaa, na Dengfeng kwa kula, kulala na kusengenyana. Mtu anakuja na kurudi mara kumi, kontena juu ya kontena, na ukimuuliza huo mji ukoje anakutajia bei ya jinzi. Kusema kweli inatia hasira. Umevuka bahari yote ile, ukaja kutazama ukuta wa stoo.

Bi Kazija naye alikuwa hivyo hivyo. Siku ya kwanza kuingia maktaba kubwa ya pale uwanja wa Huacheng, alikuwa akiikimbia mvua tu. Alimkuta mlinzi mlangoni, akamuuliza kwa Kichina chake cha sokoni ni bei gani kuingia. Mlinzi akatikisa kichwa. Bi Kazija akaona huyu mjanja, hataki kuanza kutaja. Akataja yeye bei ya chini, kama wanavyofanya Shahe, kisha akageuka na kuondoka polepole ili aitwe arudi. Hakuitwa. Akasimama kwenye mvua, amelowa chapachapa, akisubiri kuitwa. Alipogeuka, mlinzi alikuwa akimwonesha mlango kwa mikono miwili, mlango uko wazi na watu wanaingia na watoto wao bila kutoa hata senti.

Aliona haya, halafu akacheka peke yake ghorofa zote za maktaba ile. Tangu siku hiyo akaanza kuvitafuta vya bure kama wenzake wanavyotafuta sampuli. Aliingia jumba la makumbusho, pasipoti mkononi, akaisimamia michongo ya mbao mpaka shingo ikamuuma. Alitembea Barabara ya Beijing, ambako chini ya vioo unaziona barabara za wafalme wa kale zimelaliana, na juu yake watu wanapita wakila aiskrimu. Alikaa chini ya miti mikubwa ya Shamian akiwatazama maharusi wakipigwa picha, akawatoa kasoro za mavazi mmoja mmoja. Nassor alipomwambia, "Shemegi, mtembezi hula miguu yake," alimjibu, "Miguu ni yangu, bwana. Wacha niile."

Miguu hiyo ndiyo iliyompeleka bustani ya Yuexiu, ambayo kutoka Dengfeng unakwenda kwa mguu tu. Jumapili bustani ile imejaa wazee. Hawa wanaimba, hawa wanacheza muziki, hawa wanapuliza filimbi, na kila kundi linajifanya halilisikii la jirani. Penye uwazi, chini ya ngazi, Bi Kazija akaona watu wa umri wake wamesimama duara, wake kwa waume, wanarushiana kinyoya kwa miguu. Ni manyoya machache yamefungwa juu ya vipande vya mpira, na sharti lake ni moja, kisidondoke na kisiguswe kwa mkono. Akajua papo hapo anachokitazama. Ilikuwa danadana. Utotoni kule Ng'ambo, Unguja, kaka zake walipiga danadana barabarani, na yeye alijifungia uani kupiga yake kwa mpira wa matambara, kwani mtoto wa kike na mpira havikupikika chungu kimoja. Alikuwa akiwashinda wote, na hakuna aliyejua ila ukuta.

Duara lile halikaribishi mtu wala halifukuzi mtu. Palipo na pengo, simama. Kinyoya kikikujia, piga. Bi Kazija alisimama penye pengo, akiwa na baibui lake na suruali ndefu ndani. Kikamjia. Akakipiga kwa ubavu wa kiatu, kikapanda juu, kikamshukia bibi mmoja mfupi wa nywele nyeupe, ambaye alikipokea na kukirudisha kwake bila hata kumtazama usoni. Huyo ndiye aliyekuja kuzoeana naye, na Bi Kazija akamwita Bi Cheni. Kila Jumapili Bi Kazija alikuwa penye pengo lake. Pale hakuwa mpishi, hakuwa mjane wa mtu, hakuwa shemegi wa mtu. Alikuwa mguu wa kulia mzuri, na wa kushoto unaoendelea vizuri. Hajapata kuwa na raha kama hiyo tangu azikwe mumewe, na mimi nasema wala kabla ya hapo.

Basi mchawi hakosekani. Rahim, mfanyabiashara wa Dar anayenunua fulana Shahe, alipita bustanini siku moja akiwa amepotea njia ya kwenda kituo cha treni. Akamwona. Badala ya salamu, akatoa simu, akampiga video, akaitia kwenye kundi la Watanzania wote wa Guangzhou, na chini yake akaandika: "Jamani, mpishi wetu kasajiliwa." Watu wakacheka mpaka Dar na Unguja. Jumatatu mkahawani kila aliyekuja kula alikuwa na neno.

"Bi Kazija, mechi ijayo lini?"

"Siku utakayolipa deni la chai," akamjibu, na huyo akainamia sahani yake. Lakini jikoni, alipobaki na mvuke wake, machozi yalimtoka. Si kwamba alifanya baya. Jambo lile lilimuuma kwa sababu lilikuwa lake peke yake, na sasa kila mtu kalitia mkono.

Jioni Nassor alimkalisha kitako. Hakuwa mtu mbaya Nassor. Alikuwa mtu mwenye jina, na watu wenye jina huishi kwa woga.

"Shemegi, nimepigiwa simu na watu wazima kutoka nyumbani. Wananiuliza, mke wa marehemu kaka yako unamlisha au unamchezesha. Nijibu nini?"

"Wajibu nimevaa baibui, nimefunika kichwa, na sijagusana na mtu hata kidole. Kinyoya ndicho kinachokwenda huku na huku."

"Wamo wanaume mle."

"Na hapa mkahawani ninaowapikia ni malaika?"

Nassor akavuta pumzi. "Mie nakuheshimu, shemegi. Lakini nisikie vizuri. Viza yako inapita mkononi mwangu. Ukirudi tena kule bustanini, nakukatia tiketi ya nyumbani. Nimeshasema."

Hapo Bi Kazija aliogopa, na haina haja kumfichia. Nyumbani alikuwa na dada wawili wanaompenda, na alijua watakachomfanyia kwa mapenzi hayo hayo. Watamtafutia kiti ukumbini, watamkalisha, watamletea chai, na kila atakapoinuka wataambizana, jamani mwacheni bibi apumzike. Kiti kile alikiona mbele ya macho wiki nzima. Alikata vitunguu anakiona, akasali anakiona. Ilipofika Ijumaa alikuwa amekwisha kumkasirikia mtu ambaye bado hajamletea hata hiyo chai.

Jumapili alipika kama kawaida. Akaonja chumvi, akafunika, akanawa. Nassor alikuwa kwenye meza ya mlangoni akijibu meseji za watu wa kago. Bi Kazija alipita mbele yake na raba zake miguuni. Hakupitia mlango wa nyuma, ingawa ulikuwepo.

"Kilichobaki ni kupakua," alisema.

Bustanini walimpisha pengo lake bila ya maswali. Alianza vibaya, miguu mizito, mawazo mengine. Kinyoya kilimdondoka, akakiokota, na hakuna aliyenuna. Kisha mwili ukakumbuka. Bi Cheni akampa kirefu, akakipokea kwa goti, akakishusha kwenye ubavu wa mguu, akampelekea dereva wa basi mstaafu aliyekuwa upande wa pili, na duara zima likatoa mguno wa kuridhika.

Nassor alitokea akiwa na viatu vyake vya ngozi vilivyochongoka na simu mbili mkononi. Njia nzima alikuwa akijipanga la kusema. Akaja moja kwa moja, na kwa vile hakujua mambo ya pale, akasimama penye pengo baina ya Bi Cheni na dereva. Mtu akisimama hapo ni mchezaji. Dereva akamtumia kinyoya kwa heshima, polepole, kama anavyotumiwa mgeni.

Nassor akakidaka kwa mkono. Watu wakasema, "Aa." Akakitia mfukoni mwa koti.

"Haya, mchezo umekwisha," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mkahawani. "Shemegi, twende nyumbani."

Hakuna aliyesogea. Nassor aliwatazama mmoja mmoja akimtafuta mkubwa wao. Miaka yote aliyokaa mji huu, jambo likikwama huwa anauliza laoban, yaani bosi, anakaa naye, wanaelewana, jambo linakwisha. Hakuna duka lisilo na laoban, wala stoo, wala ofisi ya kago.

"Laoban?" akauliza. "Nani laoban hapa?"

Wazee wakatazamana. Wakamtazama na Bi Kazija, labda yeye anamjua.

"Mei-you," akasema Bi Cheni. Hakuna.

Akainama kwenye mkoba wake, akafungua zipu, akatoa kinyoya kingine, chekundu. Ndani vilionekana vingine tele, vya kutosha mfuko wa mtu yeyote mwenye hasira. Akakirusha juu, akakipiga. Dereva akapokea, akampelekea Bi Kazija, Bi Kazija akapeleka mbele. Mchezo ukaendelea, na Nassor yumo ndani yake kama nguzo. Kikampita kulia, kikampita juu ya kichwa. Hakuna aliyemtukana wala kumsukuma. Dereva alimwonesha tu kwa kidevu, ucheze au upishe, na Nassor akapisha.

Akazunguka kwa nje ya duara mpaka akasimama nyuma ya Bi Kazija. Sauti imeshuka.

"Shemegi, sifanyi mzaha. Kesho nakata tiketi."

Kinyoya kilikuwa angani kinamjia yeye. Kile kiti kilimpitia machoni mara moja, kisha hasira ya wiki nzima ikamsukuma mguu. Alikipiga. Kikapanda kuliko alivyopata kukipandisha siku zote, Bi Cheni akarudi nyuma hatua kukingoja. Ndipo Bi Kazija akageuka, anahema, jasho linamtiririka chini ya mtandio.

"Kata," alisema. "Pasipoti unajua nilipoiweka, jikoni, kwenye kabati ya bizari. Miye sikuzuii. Lakini usinikatie ya Jumapili. Jumapili nina watu wananingoja."

Nassor akazitazama simu zake mbili.

"Na hicho kinyoya kitoe mfukoni," Bi Kazija akamwambia. "Si chako."

Kule juu waimbaji wakaendelea, hawanyamazi hao. Chekundu kilishatua chini, na duara lilisimama likingoja. Na Nassor, mwenye mkahawa, mwenye makontena, mwenye namba ya simu ya kila laoban wa Shahe, akatia mkono mfukoni.