Nililiandika Jina la Mama Ubaoni kwa Mkono Wangu Mwenyewe

Admin, naomba ufiche jina langu na la shule yangu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na ninaishi na mama yangu, sisi wawili tu, huku milimani upande wa Werugha. Nina hasira tangu Jumamosi iliyopita, na sijui niielekeze kwa nani kwanza, kwa sababu na mimi nimo.

Wakulima wa kwetu wana ushirika, na ushirika una duka mjini Voi linalouza vyakula vya asili: sukuma, mnavu, kunde, maziwa, asali. Sharti ni moja, hakuna dawa ya dukani shambani. Kila kreti inabandikwa jina la mkulima ili mteja ajue anakula jasho la nani. Kazi yangu ni ubao wa pale mlangoni. Kila Jumamosi tukishuka na pikapu naandika habari za wiki kwa chaki: nani ameleta nini, ng'ombe wa nani amezaa, siku ya kuonja ni lini. Mama hupenda kusema, "Mimi jina langu liko kwenye kreti, wewe mkono wako uko kwenye ubao. Tumetosha."

Wiki iliyopita sukuma yetu iliingiwa na vidukari. Sisi huloweka majivu na pilipili, kisha huchovya fungu la majani na kunyunyiza mmea mmoja mmoja, mgongo umeinama. Mama alikuwa ameenda matanga Mghange, akaniachia kazi hiyo. Nilikuwa na mtihani siku ya pili yake. Nikapanda kwa jirani yetu wa juu, mke wa mwenyekiti wa ushirika, kumwuliza kama wana pampu ya mgongoni, nimalize haraka.

Alichungulia njia kwanza. Kisha akasema, "Iko, mwanangu. Lakini irudi kabla mzee hajarudi kutoka Voi, na usimwambie mtu kwamba tunayo." Sikuuliza kwa nini mwenyekiti wa mboga za asili anaficha pampu. Nilipoisuuza, maji yalitoka meupe kama maziwa, yakanuka mpaka macho yakaniwasha. Darasani tulifundishwa kusuuza mara tatu. Mimi nilisuuza mara moja, nikajaza majivu yetu na pilipili yetu, nikapiga shamba lote. Mama aliporudi aliuliza, "Umenyunyiza?" Nikasema ndiyo. Ijumaa akavuna.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuonja. Sufuria iko jikoni, watu wamejaa, na mboga za kwanza kukatwa ni zetu. Mteja mmoja, nesi mstaafu, akainua jani puani. "Nani ameleta hii? Inanuka kama stoo ya dawa!" Namshukuru Mungu hakuna aliyekuwa amekula. Mwenyekiti akalichukua lile jani, akanusa mara moja tu, akasema, "Hii ni ile ya kuua viwavi. Imepigwa siku tatu hivi zilizopita." Alijua hata siku! Mtu ambaye shamba lake halijui dawa anajuaje?

Mama akasema, "Mzee, chupa ya dawa haijawahi kuvuka mlango wangu."

"Basi imeletwa na ndege?"

Watu wakacheka. Mmoja akadakia, "Kumbe asili iko ubaoni tu!" Ndipo mwenyekiti akanigeukia. "Wewe mwenye mwandiko mzuri, andika. Mboga za huyu mama zimesimamishwa kwa kutumia dawa. Andika jina lake lote, lisomeke."

Nikaandika. Herufi kwa herufi, kwa mwandiko ule ule anaojivunia, na Mama amesimama nyuma yangu ameshika kreti tupu. Tukipanda kurudi akanishika mkono wenye chaki, akasema, "Si kosa lako. Uliagizwa." Maneno hayo yananichoma kuliko kicheko cha wale watu wote, maana bado hajui.

Jumatatu nilimkuta mke wa mwenyekiti bombani. Nadhani alikuwa ananingoja. Alisema kwa sauti ya chini, "Ukinitaja, mzee ataniua kwa maneno kabla hajainua mkono. Na mimi sina pa kwenda, wazazi wangu walishakufa." Nilimjibu kwa hasira, "Na mama yangu ana pa kwenda?" Ndoo yake ikajaa, ikafurika, hakufunga bomba. Mwishowe akasema, "Sijakuambia usiseme. Nimekuomba tu usinitaje mimi."

Nimeyageuza maneno hayo siku zote hizi. Nikisema niliazima pampu, kila mtu atauliza ya nani, na juu yetu kuna nyumba moja tu. Nikinyamaza, Jumamosi hii kuna mkutano wa wanachama pale dukani na Mama ataondolewa kabisa, huku yule anayepiga dawa shambani kwake akikaa kiti cha mbele kutuhubiria asili. Lakini huyu mwanamke alinisaidia alipoombwa, na uvivu wa kusuuza ulikuwa wangu.

Leo nimeamua jambo moja: kabla ya Jumamosi Mama atasikia yote kutoka kinywani mwangu, hata kama atanichapa. Ninaamini hatanichapa. Ninaamini pia kwamba wateja wetu ni watu wa haki, wakiambiwa ukweli mzima hawatacheka tena. Lakini mwenyekiti ameshatuma ujumbe kwamba nifike mapema niandike ajenda. Nitafika. Nitaanza kwa kufuta jina la Mama, kwa hilo siombi ushauri. Ubao ukishakuwa mtupu, na chaki iko mkononi mwangu, na mke wa mwenyekiti amekaa miongoni mwa watu ananitazama, niambieni ninyi mlionizidi umri: niandike nini?