Kumfuata Faustin Rutshuru

Niliondoka nyumbani Keshero kwa sababu mama alikuwa ameacha kula. Mdogo wangu Faustin alikuwa ameshikwa na wapiganaji upande wa Rutshuru, pamoja na vijana wengine wa kijiji cha baba. Na baba, anayeishi huko, ndiye aliyeitwa kuwaombea waachiliwe. Zamani naye alibeba bunduki. Alipoiweka chini, akawa mtu wa kwenda kati ya wenye silaha na wenye mashamba. Nilijua Faustin nitarudi naye.

Asubuhi Kibumba kulikuwa na baridi kali. Dereva wa pikipiki aliona nimevaa vizuri, akaniuliza kama naenda kwenye harusi.

"Naenda kuchukua mutoto wetu," nikamjibu.

"Basi mama, nitakungoja. Tutarudi batatu!"

Rumangabo mvua ilitusimamisha. Mama mmoja muuza mahindi aliposikia mimi ni binti wa nani, alinishika mikono yote miwili. "Mwambie Muzee asisahau mutoto wangu."

Mchana, Rutshuru, nilimkuta baba anavaa koti. Kwao huko, anayewasemea watu huanza na watoto wa wengine. Wa kwake humtaja mwisho.

"Papa, leo anza na Faustin. Nakuomba."

"Nikianza na wangu, batu batasema nilienda kujisemea. Kesho nani ataniamini?"

"Mama hali chakula, Papa!"

Alifunga vifungo vya koti, tukaenda kwa wapiganaji.

Komanda wao alitukaribisha kwa pombe ya ndizi, akaionja kwanza yeye, kama inavyotakiwa. Baba akataja jina, kijana akaletwa. Akataja jingine, mwingine akaletwa. Nikahesabu: alibaki Faustin tu. Ndipo simu ya komanda ikalia. Akasikiliza, uso ukambadilika, akasimama.

"Muzee, leo inatosha."

"Komanda, amebaki mumoja tu."

"Nimesema inatosha."

Jioni baba alibaki Rutshuru; mimi nilimlipa dereva wa pikipiki, nikapanda lori pamoja na wale walioachiliwa. Wenzangu wakiimba, mimi nalia. Rumangabo yule mama alimkumbatia mwanawe, kisha akanitilia kuku mikononi. Nikapokea, ningefanyaje?

Nyumbani mama aliangalia nyuma yangu, akaona hakuna mtu.

"Papa yako alimutaja?"

"Hakufika kwenye jina lake, mama."

"Ni mutu wa haki," alisema, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Wengi walipona safari ile, nami namheshimu baba kwa hilo. Lakini nilijifunza kwamba mtu unaweza kumheshimu na kumchukia kwa jambo lilelile. Faustin hajarudi. Baba akipiga simu, naipokea mimi, kwa maana mama hataki.