Sura Isiyotundikwa

Mtaa mzima ulimwita mpigapicha yule Mzee Kidevu, wala hakukuwa na ubaya ndani yake. Nani aliyewahi kukaa kwenye kigoda chake asiambiwe "kidevu juu kidogo"? Miaka thelathini na moja alikuwa kwenye chumba kilekile: pazia la buluu ukutani, taa mbili zenye miamvuli, na kioo cha kujitazamia chenye kitana kilichofungwa kwa uzi, kisije kikaondoka na mteja. Mbele, upande wa barabarani, kulikuwa na kabati la kioo la kutundikia picha zilizotoka vizuri.

Kabati lile lilikuwa na sheria, tena sheria kweli. Nyuma ya kila picha mwenye sura aliandika kwa mkono wake: "itundikwe" au "isitundikwe". Ukiandika isitundikwe, hata uwe umetoka umependeza namna gani, picha inaingia kwenye bahasha na biashara imekwisha. Mama mkwe wake aliwahi kuandika isitundikwe, na watu husema hiyo ndiyo amri yake pekee ambayo Mzee Kidevu aliitii bila kununa.

Basi kamera ikafa. Fundi akaifungua, akaifunga, akampa pole. Binti yake, muuguzi wa hospitali, akamnunulia simu yenye jicho kali, na kinyozi wa mlango wa pili akamwekea programu ya bure ya kupangia picha. Programu ikaanza maswali, ukurasa baada ya ukurasa. Mzee akapapasa kutafuta miwani. Kinyozi akamwambia hayo hayasomwi na mtu, usipobonyeza Kubali haifunguki, na kama anaogopa kuibiwa sura, sura ya kinyozi wakiiba watairudisha wenyewe. Fundi viatu, ambaye hukaa kibarazani kati ya milango yao, akasema bila kuinua kichwa kwamba rahisi ghali, sasa cha bure hajui wamekipa bei gani. Wakamcheka. Mtu ana simu ya vitufe, naye ana la kusema! Mzee Kidevu, aliyewaomba watu ruhusa maisha yake yote, akabonyeza Kubali mara sita kisha akaenda kunywa chai.

Jumatatu moja akaja mama mmoja mshonaji, amejifunga kitambaa cha kijani, na mtoto wake wa kike mkononi. Alitaka picha nne za pasipoti. Kabla hajakaa aliuliza kama picha zitatundikwa. Alipoinuka akauliza tena. Halafu, akiwa amempa mzee mgongo, akasema sababu: alikuwa amemkimbia mumewe, na mume ameapa kwamba siku atakayompata ndiyo siku yake ya mwisho.

"Mwanangu," mzee akamwambia, "hapa sura haitoki bila mwenyewe."

Karatasi za kuchapia zilikuwa zimekwisha, hivyo mama akaandika neno lake nyuma ya risiti, akalipigia mistari miwili, akasema atafuata picha Alhamisi saa nne asubuhi. Hakuacha namba ya simu. Mzee naye hakumwuliza.

Alhamisi saa tatu aliingia mwalimu wa chekechea kupanga siku ya picha za darasa. Akampongeza mzee: kumbe siku hizi kabati limehamia mtandaoni! Mzee akacheka, akidhani ni utani. Mwalimu akamwonyesha. Jina la studio lilikuwa juu, chini yake ramani yenye kidoti mlangoni kwake kabisa, na kichwa cha habari: Sura Bora za Wiki. Ya tatu ilikuwa ya yule mama, kidevu juu kidogo. Watu elfu moja na mia tatu walikuwa wameshaiona.

Roho ilimruka. Aliyetundika nani? Yeye, kwa kidole gumba chake mwenyewe, kilekile kilichobonyeza Kubali mara sita. Akajaribu kuifuta, simu ikataka neno la siri. Neno la siri la simu aliliweka binti yake siku alipoinunua, na binti yuko chumba cha upasuaji, simu yake imezimwa. Kinyozi akaitwa, akabonyeza huku na huku, utani ukamwishia mdomoni. Mzee akatoka mbio hadi kwa fundi viatu, akamweleza kwa pumzi moja. Fundi hakusema nilikwambia. Alichukua stuli yake akaenda kukaa kwenye kona aliyomwona mama yule akitokea Jumatatu.

Saa nne kasoro robo akaingia mwanamume mmoja, shati limenyooshwa vizuri.

"Shikamoo, mzee."

Heshima ile ndiyo iliyomtisha zaidi. Mwanamume akaweka simu mezani, picha ikiwa wazi. "Huyu ni mke wangu. Amenituma nimchukulie picha zake."

Bahasha ya picha zake ilikuwa palepale, chini ya kiwiko cha mzee. Aliuhisi ukingo wake wa karatasi kwenye ngozi.

"Alishazichukua jana."

"Anakaa wapi?"

"Mimi mwanangu watu nawauliza kidevu tu."

Mwanamume hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, uso ameuelekeza mlangoni, akasema atapumzika kidogo. Mzee hakuweza kuinua kiwiko. Ile saa ya ukutani, ambayo miaka yote hakuwahi kuisikia, sasa ilikuwa inamgonga kichwani. Saa nne ikafika, ikapita. Kila kivuli kilichopita mlangoni alikiombea kisiwe cha kijani. Saa nne na nusu mwanamume akainuka, akajipangusa suruali.

"Akirudi mwambie mji nimeshaujua."

Fundi viatu alirudi na kiatu kidogo cha mtoto, cha kamba. Alisema mama aliambiwa sentensi moja, ikamtosha. Alimbeba mwanawe akageuka na njia aliyojia, na kiatu kikabaki barabarani. Fundi akakaa akakishona kamba, maana ilikuwa imekatika. Mzee akakiweka kwenye droo pamoja na bahasha.

Jioni binti akaja, akafunga ule ukurasa, akafuta picha. "Nimefuta, baba. Imekwisha." Mzee alimwamini, kwa sababu alitaka kumwamini. Lakini kwa wiki sita kila shikamoo ya sauti ya kiume ilimfanya amwage chai, na kila akisikia habari ya mwanamke aliyepatwa na jambo alisubiri kwanza aambiwe alikuwa wa umri gani. Angeitupa simu ile. Angekula nini?

Siku ya picha za chekechea ikafika. Shule yenyewe iko ng'ambo nyingine ya mji. Watoto thelathini walipangwa uwanjani, mzee akawaambia videvu juu, wakainua mpaka wakatazama mbingu, walimu wakacheka, hata yeye akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Akapiga tatu. Akakaa kwenye benchi kuchagua.

Simu ikachora duara. Haikulichora kwa mtoto yeyote. Ililichora nyuma kabisa, ng'ambo ya uzio, kwenye uso wa mwanamke asiye na kitambaa, nywele amezikata. Pembeni ikaweka picha nyingine ndogo yenye pazia la buluu, ileile aliyoambiwa imefutwa. Chini ikaandika: "Tunadhani tunamfahamu mtu huyu. Je, ni yuleyule?"

Mzee Kidevu alitafuta miwani. Aliivaa, akasoma kila neno, mara mbili, kisha akainua macho. Mama yule alikuwa bado pale kwenye uzio, anamsubiri mwanawe. Alikuwa amemtambua mzee. Aliitazama simu mkononi mwake, akatikisa kichwa polepole, kukataa.

Mzee akarudisha macho kwenye simu. Akabonyeza Hapana.

"Asante," simu ikaandika. "Tutaendelea kumtafuta."